Nyumba yenye kila kitu ndani: friji ikifa, nani analipa?

Ukipanga nyumba tupu, mipaka inajulikana. Paa, kuta, mabomba na nyaya za umeme ni vya mwenye nyumba; friji na televisheni ni vyako. Ukipanga nyumba yenye kila kitu ndani, unaingia mahali ambapo sheria imesema kidogo, mkataba umesema kidogo zaidi, na kila upande unaamini kwa dhati kwamba mwenzake ndiye wa kulipa. Nimeishi katika nyumba ya namna hiyo Kimara, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Naandika kwa sababu kila mwaka naona wenzangu wanaohamishwa kikazi wakisaini mikataba kama ule wetu, kisha wananipigia simu kitu kikishaharibika.

Tulihamia kutoka Mbeya. Vyombo vyetu vikubwa tuliviuza, kwa kuwa gharama ya lori ilikaribia thamani yake. Dalali akatupeleka kwenye nyumba ya mama mmoja mtumishi wa serikali aliyekuwa amehamia Dodoma na wizara yake. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi Dar tangu serikali ihamishie shughuli zake Dodoma: mwenyewe ameondoka na nguo na nyaraka, vyombo vya maisha yake vimebaki. Palikuwa na friji ya milango miwili, mashine ya kufulia, viyoyozi viwili, jiko la gesi lenye oveni, hita ya bafuni, televisheni, makochi, vitanda, na pampu ya kupandisha maji kwenye tanki.

Kodi ilikuwa 900,000 kwa mwezi. Nyumba ya ukubwa uleule mtaa wa pili, tupu, ilikuwa 500,000. Tulilipa miezi sita, yaani milioni 5.4, tukaweka amana ya 900,000, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama kawaida yao. Ukijumlisha, ni milioni 7.2 kabla hata ya kununua sufuria. Naomba ushike ile tofauti ya 400,000 kati ya nyumba tupu na yenye vyombo, maana baadaye ndiyo iliyobeba hoja yetu yote.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Kuhusu vyombo palikuwa na sentensi moja: "Mpangaji atatunza nyumba na vilivyomo katika hali aliyovikuta." Mpwa wa mama, kijana anayemsimamia nyumba, alituzungusha chumba hadi chumba akiwasha na kuzima. Friji iliwaka taa. Kiyoyozi kilitoa upepo. Hakuna aliyeandika "hali aliyovikuta" ni hali gani. Friji inayowaka taa inaweza kuwa imebakiza mwezi mmoja wa kuishi, na taa haitakwambia.

Kilichoanza ni kiyoyozi cha chumbani kudondosha maji ukutani. Mpwa akasema hiyo ni sevisi tu, ya mpangaji. Fundi alisafisha vichujio na bomba la kutolea maji kwa 40,000, tukalipa wenyewe, na hadi leo naona ilikuwa haki. Kiyoyozi kinachotumika kila usiku kinahitaji kusafishwa, na anayekitumia ndiye anayekichafua. Lakini fundi yuleyule alinionyesha kwamba gesi ilikuwa inavuja kwenye kiungio cha bomba la shaba, mahali palipokwisha kuunganishwa zamani. Hilo halikutokana na sisi. Alitaka 120,000 kuziba na kujaza gesi. Mpwa aliposikia akasema, "Dada, si ulianza kulipa ile ya kwanza? Malizia tu." Hapo nikaanza kuelewa kwamba malipo ya kimya yanageuka desturi. Ukilipa jambo lisilo lako bila kuandika neno, umeshaweka utaratibu wa miezi inayofuata. Kwa hiyo hata kwa ile 40,000 nilimtumia mpwa ujumbe: "Kaka, usafi wa kiyoyozi nimelipa mimi, ni wa kwangu. Kiungio kinachovuja ni kibovu cha zamani, naomba mkitengeneze." Kilikaa muda mrefu bila kutengenezwa, tukawa tunalala na feni.

Kisha friji ikafa.

Ilikufa usiku, katika joto la Februari, ikiwa na nyama ya wiki, samaki, maziwa ya watoto na insulini ya mama mkwe. Vyakula unaweza kulia ukamaliza. Insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na chumba cha Dar mwezi huo hakishuki hata kufika nyuzi 25. Mume wangu aliikimbiza kwa jirani alfajiri, ikiwa imefungwa kwenye taulo lenye barafu, bila kuigusisha barafu yenyewe kwa sababu ikiganda pia inaharibika. Mama mkwe alikaa kimya asubuhi yote. Nilijua anafikiria kwamba yeye ni mzigo katika nyumba hii, na jambo hilo liliniuma kuliko nyama iliyooza.

Fundi wa friji alisema kompresa, ile mashine ya ndani inayoleta ubaridi, imechoka. Alinionyesha pia kwamba friji ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani bila friji gadi, kifaa cha kuikinga na umeme unaopanda na kushuka, tena soketi iko nyuma ya kabati la kujengea, kwa hiyo ilikaa hivyo tangu enzi za mwenyewe. Kompresa na kazi: 320,000. Nilimwomba aandike kwenye karatasi, si bei peke yake, bali na chanzo: kompresa imechakaa kwa umri, hakuna dalili ya matumizi mabaya. Fundi wengi hawajazoea kuandika hivyo, ila ukimwomba kwa heshima ataandika, na karatasi hiyo ina thamani kubwa. Siku ya ubishi, kauli ya mtu asiye wa upande wowote ndiyo inayosikilizwa.

Mpwa alikuwa na msimamo wake: "Dada, ulikikuta kinafanya kazi. Kimefia mikononi mwako, ni chako." Nimeisikia kauli hii kwa wenye nyumba wengi tangu siku hiyo, nao hawaisemi kwa ubaya, wanaiona ni haki kabisa. Nikaamua kumpigia mwenyewe Dodoma.

Nilimpa shikamoo, nikaulizia afya na kazi, kisha nikamweleza. Alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "friji hiyo nimeitumia miaka yangu yote hapo, haijawahi kunisumbua. Wewe una miezi mingapi?" Nikasikia kwamba hatuzungumzii chombo. Friji ile aliinunua kwa mkopo wa kazini, ndiyo iliyotunza vyakula vya harusi ya mwanawe. Kumwambia imekufa kwa uzee ilikuwa kama kumwambia jambo juu yake mwenyewe. Sikubishana siku hiyo. Nilimwambia, "Mama, nakutumia maandishi ya fundi na picha, uyasome kwa nafasi yako, nami nitakupigia kesho jioni." Kisha nikaenda kutafuta kujua haki iko wapi, kabla ya kuidai.

Rafiki yetu wakili alinifungua macho. Tanzania haina tena sheria maalumu ya upangaji wa makazi. Ile ya zamani ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na sheria ya mikataba. Kifungu cha 88 kinamwekea mwenye nyumba masharti hata kama mkataba haukuyataja, na mojawapo ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuanza na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Kifungu cha 89 kinamwekea mpangaji wajibu wa kutunza, lakini anaporudisha nyumba habebeshwi uchakavu wa kawaida. Vifungu hivyo vinazungumzia ardhi na majengo. Havijataja friji. Friji ni mali inayohamishika, na hatima yake inaamuliwa na kile mlichokubaliana.

"Na kama tulikubaliana sentensi moja tu?" nikamuuliza.

Akasema basi uliza mambo matatu. Kwanza, kitu hiki ni sehemu ya jengo au kinabebeka? Pili, kimeharibika kwa umri au kwa mkono wa mtu? Tatu, kodi ilipangwa kwa hesabu gani? Hilo la tatu ndilo lililonipeleka kwenye ile 400,000. Kama nyumba tupu ni 500,000 na hii ni 900,000, basi kila mwezi nalipia kutumia vyombo. Silipii kuviangalia. Mwenye kukodisha baiskeli haendelei kutoza siku ambazo imekatika mnyororo.

Jioni ya pili nilimpigia mama. Sikumtajia vifungu. Nilimwambia: "Mama, ningeiangusha au kuichomeka vibaya, ningelipa bila kukupigia. Hii imechoka yenyewe. Kila mwezi kuna laki nne za vyombo ndani ya kodi yako, na friji ndiyo kubwa kuliko vyote. Naomba utusaidie." Akaomba amtume fundi wake. Nikasema karibu sana. Fundi wake akasema yaleyale. Tukaafikiana nilipe 320,000 mimi, zikatwe kwenye kodi ya miezi sita inayofuata, na mama akathibitisha kwa ujumbe wa simu kwa maneno yake mwenyewe.

Hapa nisisitize jambo moja, kwa sababu limewaumiza watu ninaowafahamu: usikate kodi kwa uamuzi wako, hata kama una haki. Ukilipa pungufu bila makubaliano ya maandishi, kinachoonekana ni kwamba unadaiwa kodi, na mpangaji anayedaiwa anapoteza nguvu katika mengine yote. Pata kwanza "ndiyo" iliyoandikwa, hata ya ujumbe mfupi, ndipo ukate. Na chakula kilichooza hakuna aliyetulipa. Hatukukidai, kwa sababu hatukuwa tumekubaliana lolote juu yake. Ukitaka kilipwe, lazima mkiweke kwenye mkataba mapema.

Mashine ya kufulia ilikuwa kesi tofauti na ilisaidia kujenga imani. Iligoma kutoa maji, fundi akafungua pampu akakuta kibanio cha nywele cha binti yangu na sarafu. 60,000, tukalipa sisi, nikamtumia mama picha na risiti. Mpwa alianza kutusikiliza tofauti tangu siku ile. Mwenye nyumba akiona unalipa kilicho chako bila kusukumwa, atakuamini ukisema kingine si chako.

Hita ya bafuni ni habari nyingine kabisa, na hapa nataka kila mwenye familia asome kwa makini. Mtoto alisema bomba "linamchoma vidole". Maji yalikuwa ya vuguvugu tu. Ilikuwa ni shoti. Mume wangu alizima swichi kuu na hakuna aliyeoga kwa maji moto mpaka fundi wa umeme mwenye leseni alipokuja. Aligundua kwamba waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umekatika tangu ukarabati wa zamani, kwa hiyo hita ilipovuja, umeme ulibaki kwenye maji na bomba. Jambo hili halina mjadala wa nani alikikuta vipi. Nyaya na ethi ni sehemu ya jengo, na nyumba inayopiga watoto shoti haifai kukaliwa na binadamu. Nilimwambia mama hivyohivyo, kwa upole lakini bila kupunguza. Alituma fedha siku hiyohiyo, ethi ikachimbiwa upya, hita ikabadilishwa. Kama mwenye nyumba wako atasita kwenye umeme au gesi, zima, usitumie, andika barua, peleka nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usisubiri mwisho wa mkataba.

Kuna gharama moja ambayo haionekani kwenye risiti ya fundi. Vyombo ni vya mwenye nyumba lakini LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni yako. Friji chakavu inayovuta wati 150 bila kupumzika inakula uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa mwezi. Kwa sisi tunaotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, uniti moja inazidi shilingi 350, kwa hiyo ni karibu 38,000 kila mwezi kwa friji peke yake. Kabla haijafa, friji yetu ilikuwa haizimi mchana wala usiku, na tulikuwa tunashangaa uniti zinakwenda wapi. Siku ya kukagua nyumba, kaa na friji ikiwa imewaka hata nusu saa, usikilize kama inapumzika. Mwenye nyumba anayebaki na friji ya zamani haoni gharama hiyo, kwa hiyo ni juu yako kumwonyesha. Na kwa kuwa tumegusa LUKU: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, ikianzia 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ni ndogo, lakini mkubaliane itarudishwaje.

Mkataba wa kwanza ulipoisha, niliomba tuandike upya, na mama akakubali kwa sharti kwamba asome kwanza na mwanawe. Tuliweka kiambatisho cha vyombo: jina la kila kitu, kampuni iliyokitengeneza, namba iliyopo nyuma, umri kwa kukadiria, na kasoro zilizopo, hata mkwaruzo. Pembeni tukaandika sevisi ni ya nani. Kila mmoja alisaini kila ukurasa. Kisha tukapiga video ya nyumba nzima, vitu vikiwa vimewashwa, mpwa akitamka tarehe, tukatumiana wote papo hapo ili mtu asije kusema imehaririwa.

Maneno tuliyoandika unaweza kuyachukua kama yalivyo: "Matengenezo yanayotokana na uchakavu wa kawaida au kasoro iliyokuwepo ni ya mwenye nyumba. Matengenezo yanayotokana na matumizi mabaya au uzembe wa mpangaji, familia au wageni wake ni ya mpangaji. Usafi wa viyoyozi, balbu na matengenezo madogo yasiyozidi shilingi 50,000 ni ya mpangaji. Mwenye nyumba akitaarifiwa kwa maandishi, atashughulikia friji, pampu ya maji na umeme ndani ya siku 3, na vingine ndani ya siku 10. Chombo kisipotengenezeka, atakibadilisha au kodi itapunguzwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kiambatisho." Kwa friji tuliandika 80,000 kwa mwezi. Kiasi si muhimu kama kuwepo kwa kiasi. Mkiwa na namba, hamgombani, mnahesabu. Friji gadi tulinunua sisi, na tukaandika kwamba ni yetu, tutaondoka nayo.

Mkataba huo tuliulipia ushuru wa stempu TRA, mamlaka ya mapato, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona ni hasara, lakini mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Kama mngefika kubaya, mgogoro wa upangaji unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya hapo unapita Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu ndani ya siku 30, haliamui tena. Sisi hatukufika huko, na naamini ni kwa sababu ya karatasi, pamoja na zile simu za jioni zilizoanza na shikamoo.

Tulipohama, mpwa alikuja na orodha yake. Alitaka 300,000 za ile amana yetu ya 900,000 zibaki kwa ajili ya makochi yaliyopauka na oveni isiyopata moto. Tulifungua kiambatisho: oveni ilikuwa imeandikwa "upande mmoja haupati moto" tangu siku tuliyokisaini. Makochi yako dirishani, jua la Kimara linayapiga kila mchana, na video ilionyesha rangi ilishaanza kukimbia. Kilichobaki ni kioo cha meza ambacho mwanangu alikivunja, 70,000. Mama alinitumia 830,000 kwa simu, akaniuliza mama mkwe anaendeleaje na sukari, na akaniomba nimtumie ule mkataba ili amsainishe mpangaji anayefuata.